Bazalgette na Uvundo Ulioamsha Bunge

Jina la Witeithie, mji ulio kando ya barabara kuu ya Thika, lina maana ya “jisaidie” kwa Kikuyu. Katika Kiswahili neno hilo lina maana ya pili, ambayo waungwana huitaja kwa sauti ya chini. Kila mtu aweza kwenda msalani peke yake; bali hakuna awezaye kuyaondoa maji taka ya mji peke yake. Maisha ya mhandisi Joseph Bazalgette yanathibitisha jambo hilo.

Alizaliwa Enfield, karibu na London, tarehe 28 Machi 1819. Alijifunza kazi nchini Ireland chini ya mhandisi John MacNeill, akikausha ardhi zenye maji. Mnamo 1847 shughuli za reli zilimlemea hata afya yake ikadhoofika. Alipopona aliajiriwa, mwaka wa 1849, na tume iliyosimamia mifereji ya London, na mwaka wa 1856 akawa mhandisi mkuu wa bodi mpya ya ujenzi wa jiji.

Wakati huo vyoo vya London vilimwagwa katika mto Thames, na wengi waliyanywa maji yayo hayo. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 14,000 mnamo 1848 na 1849, kisha zaidi ya 10,000 mnamo 1853 na 1854. Mazishi hayo yote hayakuwatosha wakubwa kutoa fedha. Lakini katika kiangazi cha 1858 mto ulinuka hata mapazia ya Bunge yakalowekwa dawa ya chokaa. Katika muda wa majuma machache sheria ilipitishwa, na Bazalgette akapewa idhini ya kujenga.

Alijenga mifereji mikuu ya matofali yenye urefu wa kilomita 132, iliyoyakinga maji taka kabla hayajaufikia mto na kuyapeleka mashariki ya jiji. Mingi aliipa umbo la yai, ncha nyembamba ikiwa chini, ili hata maji machache yaende kasi. Alichagua saruji ya Portland, akaamuru ipimwe kwa uangalifu. Mfumo ulifunguliwa mwaka wa 1865. Mwaka uliofuata kipindupindu kilirudi na kuua maelfu, hasa mashariki, mahali ambapo kazi haikuwa imekamilika.

Bazalgette, kama wasomi wengi wa enzi zake, aliamini kwamba harufu yenyewe ndiyo iletayo ugonjwa. Daktari John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba maji ndiyo hatari, ila wachache walimsikiliza. Leo twajua kwamba harufu ni tarishi. Maji taka yakikwama, bakteria wasiohitaji oksijeni huigeuza salfeti kuwa haidrojeni salfaidi, gesi inukayo kama yai viza. Gesi hiyo hupanda hadi dari ya bomba, na huko bakteria wengine huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, ambayo hula saruji na chuma. Aidha, huweza kumuua mara moja mtu ateremkaye shimoni. Kwa hiyo mteremko mzuri, mwendo wa kasi, hewa ya kutosha na kuondoa tope si anasa. Ndio uhai wa bomba.

Hata hivyo kazi yake ilikuwa na dosari: uchafu ulihamishwa tu, haukusafishwa. Mnamo 1878 meli ya Princess Alice ilizama karibu na midomo ya mifereji hiyo, na watu zaidi ya 600 wakafa. Baadaye tope lilianza kutenganishwa na maji. Bazalgette alifariki tarehe 15 Machi 1891.

Walimu na wanafunzi wa Thika na Ruiru wana somo la kemia mlangoni pao. Nyumba za ghorofa zikipanda juu ya mashimo, na kisima kikiwa katika ploti iyo hiyo, historia ya London yarudiwa. Mlipuko wa kipindupindu wa Oktoba 2022 uliigusa Kaunti ya Kiambu, nao haukungoja kuona ni nani aliyejisaidia vyema. Tusisubiri uvundo ufike madirishani mwa wakubwa. Harufu ikisikika mtaani, bomba limekwisha kuanza kuliwa, na aliye jirani yake amekwisha kuwa hatarini.