Marconi: Aliyesaka chanzo cha ujumbe kupotea hewani

MKAZI wa Kotile, kusini mwa Kaunti ya Garissa, anapofunga ruta sebuleni mwake hutarajia kwamba kila aliye nyumbani atapata intaneti bila usumbufu. Asubuhi mambo huenda sawa. Jioni mwanafunzi anayejaza fomu ya kuomba nafasi ya chuo huona mtandao umekatika, umerudi, kisha umekatika tena, na saa ya mwisho ya kupokea fomu haimsubiri. Wengi huilaumu papo hapo kampuni iliyowauzia huduma, ama huizima ruta na kuiwasha mara kumi bila kujua wanatafuta nini.

Matatizo ya aina hiyo si mageni. Mengi yake yalimpata Guglielmo Marconi, Mwitaliano aliyefariki mwaka wa 1937, miaka mingi kabla ya Wi-Fi kuwapo. Si yeye aliyegundua mawimbi ya redio, wala hakuwa msomi mkubwa wa fizikia. Kilichomtofautisha na wenzake ni uvumilivu wa kuuliza, kila mara ujumbe ulipopotea, umepotelea wapi na kwa sababu gani.

Kijana wa Bologna

Marconi alizaliwa mjini Bologna tarehe 25 Aprili, 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland katika ukoo uliojulikana kwa kutengeneza wiski. Kijana huyo hakufaulu kuingia chuo kikuu, lakini Profesa Augusto Righi wa Bologna alimruhusu kutumia maabara yake.

Mwaka wa 1894 alifariki Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kwamba mawimbi hayo yapo. Marconi alisoma habari za utafiti wa marehemu, akapata wazo la kuyatumia mawimbi hayo kupeleka ujumbe pasipo waya.

Alianzia kwenye vyumba vya juu vya nyumba ya wazazi wake, Villa Griffone, katika kijiji cha Pontecchio. Mawimbi yalivuka chumba, lakini yalififia kadiri kipokezi kilivyosogezwa mbali. Mwaka wa 1895 alibaini kwamba akiuinua waya mmoja juu hewani na kuuzika mwingine ardhini, ujumbe ulifika mbali zaidi. Kipokezi kikapelekwa nyuma ya kilima, mahali ambapo macho hayangeweza kuona. Mlio wa bunduki kutoka upande wa pili ndio uliompa habari kwamba ujumbe umefika.

Somo hilo la kwanza lingali na manufaa majumbani. Ruta iliyofichwa sakafuni nyuma ya kabati au kando ya friji huwa imefungwa mahali pabaya kabisa, kwani chuma hurudisha mawimbi na maji huyameza. Kuta nene za mawe huyapunguza nguvu, na mabati yaliyotumiwa kama kuta huyazuia. Kuiinua ruta hadi kwenye rafu iliyo katikati ya nyumba huponya maradhi mengi bila gharama yoyote.

Ufuo wa Bristol

Mwaka wa 1896 Marconi alihamia Uingereza pamoja na mama yake, akaomba hataza ya uvumbuzi wake tarehe 2 Juni mwaka huo. William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, alimkaribisha na kumsaidia.

Mwezi wa Mei 1897 walijaribu kupeleka ujumbe kuvuka maji ya Bristol, kati ya Lavernock Point na kisiwa cha Flat Holm, umbali wa zaidi ya kilomita 5. Siku za mwanzo hawakufua dafu. Wakuu wa serikali na wageni kutoka Ujerumani walikuwa wakitazama, na sifa ya kijana huyo wa miaka 23 ilikuwa hatarini. Ndipo kipokezi kiliposhushwa kutoka juu ya jabali hadi ufuoni, na waya wake ukarefushwa kufuata kimo cha jabali. Tarehe 13 Mei ujumbe ulisikika wazi.

Mtambo wa kupeleka ulikuwa uleule, na maji ya kuvukwa yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni mahali pa kipokezi na urefu wa waya wake. Hivyo ndivyo fundi mwangalifu afanyavyo: hubadilisha jambo, hutazama matokeo, kisha huendelea na jingine. Anayebadilisha mambo matano kwa mpigo hawezi kujua ni lipi lililomfaa.

Sauti za wengine

Kadiri mitambo ilivyoongezeka ndivyo tatizo jipya lilivyojitokeza. Mitambo miwili ikinena kwa pamoja, hakuna uliosikika. Mwaka wa 1900 Marconi alipata hataza mashuhuri nambari 7777 ya kuuwezesha kila mtambo kutumia masafa yake, ili usigongane na jirani.

Hata hivyo, mwezi wa Juni 1903 aliaibishwa mbele ya umma. Profesa John Ambrose Fleming alikuwa akitoa mhadhara jijini London, akingoja ujumbe kutoka kwa Marconi aliyekuwa Cornwall. Ghafla kipokezi kilianza kupokea maneno ya dhihaka. Aliyeyatuma alikuwa Nevil Maskelyne, bingwa wa mazingaombwe na mpinzani wa kampuni hiyo, aliyetaka kuthibitisha kwamba mawimbi yaliyosifiwa kuwa salama yangeweza kuingiliwa na yeyote.

Majirani wa leo nao hugongana. Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 ina njia chache, na ni tatu tu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, ambazo kwa kawaida hutumiwa pamoja bila kuingiliana. Nyumba zilizokaribiana zikitumia njia moja, ruta husubiriana na mwendo hupungua. Dawa ni kuingia katika mipangilio ya ruta na kuchagua njia nyingine, au kuhamia gigahezi 5, ambako nafasi ni kubwa ingawa mawimbi yake huchoka upesi mbele ya ukuta. Aidha, nywila dhaifu huwafungulia mlango akina Maskelyne wa mtaani.

Mchana na usiku

Jambo lililompa Marconi umaarufu duniani ni kuvuka bahari ya Atlantiki. Mwezi wa Septemba 1901 dhoruba iliangusha milingoti yake yote kule Poldhu, Cornwall. Miezi miwili baadaye milingoti ya Cape Cod, Marekani, nayo ikaanguka. Wengine wangekata tamaa. Yeye alisafiri hadi Newfoundland akiwa na mabaluni na tiara, na tarehe 12 Desemba, waya ukiwa umening'inizwa angani kwa tiara, akatangaza kwamba amesikia nukta tatu za herufi S kutoka Poldhu. Wapo wataalamu ambao mpaka leo wanatilia shaka kwamba alizisikia.

Jibu la Marconi kwa shaka hiyo lilikuwa kufanya vipimo zaidi. Mwezi wa Februari 1902 alipanda meli ya Philadelphia akipokea ujumbe wa Poldhu huku akirekodi umbali na saa. Usiku aliweza kuusoma ujumbe akiwa umbali wa takriban kilomita 2,500, ilhali mchana ulimpotea baada ya kilomita 1,100 hivi. Sababu hakuijua. Wanasayansi walikuja kueleza baadaye kwamba jua hubadilisha tabaka za juu za anga zinazoyarudisha mawimbi hayo duniani.

Wi-Fi ya nyumbani haitegemei tabaka hizo, lakini mbinu ya kurekodi saa inafaa vilevile. Mtandao unaokatika kila jioni huenda unalemewa na wingi wa watumiaji. Unaokatika jua kali la saa nane huenda unatokana na ruta iliyopata joto kupita kiasi dirishani. Unaokatika taa zinapofifia pengine una shida ya umeme wa sola au waya wa chaja uliochakaa.

Usiku wa Titanic

Marconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1909, akigawana na Karl Ferdinand Braun wa Ujerumani. Miaka mitatu baadaye dunia iliona faida na upungufu wa kazi yake kwa usiku mmoja.

Tarehe 14 Aprili, 1912, Jack Phillips, mfanyakazi wa kampuni ya Marconi ndani ya meli ya Titanic, alikuwa akihangaika na rundo la salamu za abiria. Onyo la barafu kutoka meli ya Californian lilimwingilia, naye akamkatiza aliyelituma. Muda mfupi baadaye mhudumu wa Californian alizima mtambo akalala. Titanic ilipogonga barafu, meli hiyo iliyokuwa jirani haikusikia mwito wa msaada. Ilisikia Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, na watu wapatao 700 wakaokolewa. Zaidi ya 1,500 waliangamia, Phillips akiwa miongoni mwao.

Mitambo usiku huo haikuharibika. Njia ilijazwa mambo madogo, na mlinzi hakuwapo. Ndiyo maana katika nyumba yenye simu sita zinazopakua video, fomu ya mwanafunzi inaweza kukwama ingawa taa zote za ruta zinawaka.

Doa lisilofutika

Katika miaka ya 1920 Marconi aligeukia mawimbi mafupi, akifanya majaribio ndani ya jahazi lake la kifahari, Elettra. Mwaka wa 1933 mtambo wake wa mawimbi mafupi mno uliunganisha Vatikani na Castel Gandolfo. Mawimbi hayo yalikuwa ya takriban nusu mita. Ya Wi-Fi ni mafupi zaidi, kwani ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi.

Maisha yake hata hivyo yana doa ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulipuuza. Alijiunga na chama cha Kifashisti mwaka wa 1923, akapewa vyeo vikubwa na Benito Mussolini, na mwaka wa 1935 aliunga mkono hadharani uvamizi wa Ethiopia. Majeshi ya Italia yaliingia kutoka Eritrea na kutoka Somalia, ambayo wakati huo ilijumuisha Jubaland, jirani ya Garissa, iliyokabidhiwa Italia na Waingereza mwaka wa 1925. Mtu aliyeyaunganisha mabara hakusikia kilio cha waliorushiwa mabomu na gesi ya sumu.

Alifariki Roma tarehe 20 Julai, 1937, akiwa na umri wa miaka 63. Vituo vya redio vya Uingereza vilinyamaza kwa dakika mbili kumkumbuka. Mwaka wa 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sehemu muhimu za hataza yake mojawapo, ikitambua kazi ya waliomtangulia, akiwamo Nikola Tesla.

Urithi wa kutumika

Mwenye nyumba wa Kotile anayetaka kufuata nyayo za Marconi katika ufundi, si katika siasa, aanze kwa kuisogelea ruta akiwa na simu yake. Intaneti ikiwa imara karibu na ruta na dhaifu chumbani, tatizo ni umbali au ukuta. Ikikatika hata karibu, aunganishe kompyuta kwa waya. Ikitulia kwa waya, kasoro iko katika mawimbi, naye ajaribu kubadili njia. Ikiendelea kukatika hata kwa waya, akague umeme na chaja. Hivyo vikiwa salama, shida huenda iko katika ruta yenyewe ama nje ya nyumba, na hapo ndipo ana haki ya kuipigia kampuni simu akiwa na saa na tarehe alizoandika.

Mtu mwenye daftari la aina hiyo si rahisi kupuuzwa na mhudumu wa simu. Na mwanafunzi wa fomu, akijua kwamba mtandao huelemewa kila jioni, ataituma asubuhi.