Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux: Abate Aliyeishi na Tumbo Lisilopona



Kila mwaka tarehe 20 Agosti, Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, Abate na Mwalimu wa Kanisa. Wengi wetu tunamfahamu kama mhubiri hodari, mwana mpenzi wa Bikira Maria, na mtu aliyesikilizwa na mapapa na wafalme wa zama zake. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba Bernardo alikuwa mgonjwa wa tumbo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Chakula hakikutulia ndani yake, kilimrudi kooni, akakitapika. Tiba haikumsaidia. Aliishi hivyo miaka na miaka, na hakupona mpaka alipofariki.

Tumeona vema kuyasimulia maisha yake kwa upande huo, kwa sababu katika seminari na parokia zetu wapo ndugu wengi wanaosumbuliwa na kiungulia na tindikali ya tumbo. Wamemeza dawa walizoandikiwa, wameacha pilipili na chai ya rangi, wamepimwa zaidi ya mara moja, na bado usiku wanaamka koo linawaka moto. Wengine huona aibu kutoka kanisani katikati ya sala. Wengine wameanza kujiuliza kama Mungu anaweza kumtumia mtu asiyeweza hata kumaliza sahani ya maharage kwa amani. Kwao hao hasa tunamleta Bernardo.

Alizaliwa mwaka 1090 katika ngome ya Fontaine, karibu na mji wa Dijon, nchini Ufaransa. Baba yake, Tescelin, alikuwa mtu wa heshima katika utumishi wa mtawala wa Burgundy. Mama yake, Aleth, alijulikana kwa uchaji, naye alifariki Bernardo akiwa bado kijana. Nyumba ilikuwa na watoto saba, wavulana sita na msichana mmoja, na Bernardo alikuwa wa tatu.

Kabla hajatimiza miaka 24, alibisha hodi katika monasteri maskini ya Cîteaux. Hakwenda peke yake. Alikuwa amewavuta ndugu zake, mjomba wake na marafiki, wakafika kama watu thelathini. Mwaka 1115, Abate Stephen Harding akamtuma na wenzake 12 kwenda kuanzisha monasteri mpya katika bonde lililoitwa Bonde la Pakanga, ule mmea mchungu tunaousoma katika Maandiko. Wao wakalipa jina la Clairvaux, yaani bonde lenye mwanga. Bernardo akawa abate akiwa na umri wa miaka 25.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mkate wao ulitokana na shayiri na mtama, na mara nyingi mboga yao ilikuwa majani ya miti ya msituni yaliyochemshwa. Bernardo hakuridhika hata na ugumu huo. Alifunga kupita kiasi, alikesha kupita kiasi, akauona usingizi kuwa ni muda uliopotea. Rafiki yake William, abate wa Saint-Thierry, ambaye baadaye aliandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba alipoteza hata ladha ya chakula. Siku moja alikunywa mafuta akidhani ni maji, na hakutambua mpaka mtu alipoona midomo yake inang'aa.

Mwili ukakataa. Tumbo likaharibika kabisa. Alichokula kilirudi kikiwa bado hakijasagwa, na kile kidogo kilichobaki kilimletea maumivu. Miaka michache tu baada ya kuanza uabate, watu waliomwona walidhani hatamaliza mwaka.

Hapo akaingilia kati Askofu William wa Champeaux, wa jimbo la Châlons, ndiye aliyekuwa amembariki Bernardo kuwa abate. Askofu huyu alikwenda mbele ya maabate wa shirika, akaomba kwa unyenyekevu apewe Bernardo awe chini ya utii wake kwa mwaka mmoja. Akakubaliwa. Bernardo akajengewa kibanda nje ya uzio wa monasteri, akaondolewa kazi zote za uabate, na akaamriwa asifuate masharti ya shirika kuhusu kula na kunywa.

Tungetarajia kwamba mapumziko na utii wa namna hiyo vingemponya. Lakini mtu aliyekabidhiwa kumtibu alikuwa mganga wa kujidai, asiyejua kitu, aliyeahidi mengi. William wa Saint-Thierry alipomtembelea kibandani, alikasirika kuona mgonjwa analishwa vitu ambavyo mtu mzima wa afya angevisukuma pembeni hata akiwa na njaa. Bernardo mwenyewe alikula bila kunung'unika, na hali yake aliitania tu: yeye aliyezoea kutiiwa na watu wenye akili, sasa anamtii mtu asiye nayo. Mwaka ukaisha. Tumbo lilikuwa lile lile.

Hapa tuseme ukweli wote, maana watakatifu hawahitaji kufichiwa. Bernardo alipotoka kibandani alirudia ukali wake wa zamani kwa nguvu kuliko mwanzo. Mapumziko hayakumponya mwili, wala hayakumfundisha kiasi papo hapo. Matokeo yake yakaonekana kanisani. Alipokuwa akisali Zaburi pamoja na ndugu, kichefuchefu kilimshika mara kwa mara, hata ikabidi lichimbwe shimo ardhini karibu na mahali aliposimama ili apate pa kutapikia. Kwa muda fulani alivumilia hivyo. Mwishowe, kwa kuwa hali hiyo iliwasumbua wenzake, akalazimika kuacha kukaa pamoja nao katika sala, akawa anaishi kando, isipokuwa alipohitajika kuzungumza na jumuiya.

Tufikiri kidogo maana ya jambo hilo. Mmonaki ameacha yote ili asali na ndugu zake, naye anatolewa katika sala hiyo na tumbo lake mwenyewe. Huo ulikuwa msalaba mzito kuliko maumivu. Na Bernardo alijua kwamba sehemu ya msalaba huo aliuchonga kwa mikono yake. William anashuhudia kwamba baadaye alijilaumu waziwazi: kwa bidii isiyo na busara alikuwa ameudhoofisha mwili uliokuwa mali ya Mungu na ya ndugu zake, akawanyima utumishi uliowastahili.

Hata hivyo, ugonjwa huo huo ulizaa kitu. Wakati mmoja William aliugua huko kwake Saint-Thierry. Bernardo akamwita aje Clairvaux. Wakalazwa wote wawili katika nyumba ya wagonjwa, maabate wawili wasio na nguvu, na kutwa nzima walizungumza juu ya Wimbo Ulio Bora. Bernardo alimfafanulia mwenzake, naye William akaandika aliyoweza kuyashika. Miaka mingi baadaye, kuanzia mwaka 1135, Bernardo alianza kuwahubiria wamonaki wake mfululizo juu ya kitabu hicho. Alifikisha mahubiri 86, na hakuwa amepita mwanzo wa sura ya tatu alipofariki. Ni miongoni mwa hazina kubwa za maisha ya kiroho katika Kanisa.

Katika mahubiri hayo tunamwona akipambana na suala la chakula. Mahali pamoja anawacheka wamonaki wanaokagua kila kitu mezani: maharage yanajaza gesi, jibini inalemea tumbo, maziwa yanaumiza kichwa. Anawakumbusha kwamba wapishi na ndugu wengine nao wanachoshwa na madai hayo. Mahali pengine anasifu busara ya kiasi kama fadhila inayoziweka nyingine zote katika mpango wake. Ni mtu aliyefahamu pande zote mbili: jinsi mgonjwa anavyoweza kuwa mtumwa wa tumbo lake, na jinsi mwenye bidii anavyoweza kuliua.

Katika hali hiyo ya ugonjwa ndipo alipofanya kazi kubwa za maisha yake. Mwaka 1130 Kanisa lilipogawanyika kati ya watu wawili waliodai upapa, Bernardo alisimama upande wa Inosenti II, akavuka milima ya Alpi kwenda Italia zaidi ya mara moja mpaka mgawanyiko ulipokwisha mwaka 1138. Mwaka 1145 mmoja wa wamonaki aliowalea alichaguliwa kuwa Papa Eujenio III, na Bernardo akamwandikia kitabu cha kumshauri asimezwe na shughuli. Mwaka 1146 alihubiri Vita vya Msalaba huko Vézelay, na vita hivyo viliposhindwa alibeba lawama. Monasteri zaidi ya 60 zilizaliwa moja kwa moja kutoka Clairvaux. Watu walimletea wagonjwa awaombee, na habari za waliopona zilienea kote. Yeye mwenyewe alirudi chumbani kwake na tumbo lile lile.

Mwaka 1153 nguvu zilimwishia. Miguu ilivimba, usingizi ukamkimbia, chakula kigumu hakikuweza tena kushuka. Alitegemea maji maji kidogo tu. Akiwa katika hali hiyo, Askofu Mkuu wa Trier alikuja kumwomba akawapatanishe watu wa Metz na wakuu wa jirani waliokuwa wakimwaga damu. Bernardo akainuka kitandani, akaenda, akawapatanisha, akarudi nyumbani kufa. Alifariki tarehe 20 Agosti 1153, akiwa na umri wa miaka 63. Papa Aleksanda III alimtangaza mtakatifu mwaka 1174, na mwaka 1830 Papa Pius VIII akamtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Wapendwa wasomaji, tunajifunza nini?

Kwanza, ugonjwa usiopona si ushahidi wa imani haba. Kama ingekuwa hivyo, Bernardo angepona kabla ya wote. Tusimwambie ndugu yetu mwenye kiungulia kwamba angesali zaidi angekuwa mzima.

Pili, tusiige makosa ya watakatifu tukidhani ni utakatifu wao. Bernardo alijutia mafungo yaliyomharibu. Kanisa kwa umama wake halimlazimishi mgonjwa kufunga chakula. Atatafuta namna nyingine ya kujinyima kwa ushauri wa muungamishi wake. Vivyo hivyo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inawaruhusu wazee na wagonjwa kupokea Ekaristi hata kama wamekula au kunywa kitu ndani ya saa moja kabla. Frateri anayepaswa kumeza dawa au kula kitu kidogo kabla ya Misa ya asubuhi asijione anaiba. Amepewa.

Tatu, tuwaheshimu madaktari na tuwakimbie waganga wa kujidai. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba tabibu naye ametoka kwa Mungu. Dawa ya kwanza ikishindwa, turudi hospitali, tusikimbilie chupa zinazouzwa stendi kwa ahadi ya kuponya kila kitu. Na mtu anayeshindwa kumeza, anayetapika damu, anayepata choo cheusi au anayekonda bila sababu, asisubiri hata siku moja.

Nne, na hili ni kwa jumuiya. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo Bernardo aliiishi, katika sura ya 36 inaagiza kwamba wagonjwa watunzwe kabla ya jambo lingine lolote, kama Kristo mwenyewe. Nao wagonjwa wasiwalemee ndugu kwa madai yasiyo ya lazima. Kila upande una wajibu wake. Mlezi asimwone mvivu frateri anayeomba chakula cha jioni mapema ili asilale tumbo likiwa limejaa. Wenzake wasimcheke anapoinua kichwa cha kitanda chake kwa matofali. Naye mgonjwa aseme shida yake wazi na mapema, apokee anachopewa kwa shukrani, kisha afanye kazi ile ambayo mwili wake bado unaruhusu.

Clairvaux ilimchimbia abate wake shimo kanisani, ikampa chumba kando alipozidiwa, na iliendelea kumsikiliza. Hakuna aliyeweza kumponya, lakini walimpa nafasi, na katika nafasi hiyo akafanya mengi. Tujiulize katika nyumba zetu: ni ndugu gani anayehitaji nafasi ya namna hiyo, nasi tumemnyima?

Mtakatifu Bernardo, utuombee.