Hattie McDaniel na Kibao cha Heshima

Hattie McDaniel alikuwa mwigizaji wa Marekani. Aliimba jukwaani, aliigiza katika sinema, na sauti yake ilisikika redioni. Mwaka 1940 alipewa tuzo ya Oscar. Tuzo hiyo ndiyo kubwa kuliko zote kwa watu wa sinema wa nchi ile. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyewahi kuipata. Lakini usiku ule wa kupewa tuzo hakuketi pamoja na wenzake. Aliwekwa pembeni.

Mtoto wa watu waliokuwa watumwa

Hattie alizaliwa katika miaka ya 1890, katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas. Baba yake, Henry, alikuwa mtumwa. Vita vya majimbo ya Kaskazini na Kusini vilipotokea, Henry alijiunga na jeshi la Kaskazini, akapigana na akajeruhiwa. Baada ya vita aliomba malipo ya uzeeni ya askari, na aliyahangaikia kwa miaka mingi. Mama yake, Susan, naye alizaliwa utumwani. Alikuwa mwimbaji wa nyimbo za dini.

Wazazi hao walipata watoto 13, na wengi walikufa wangali wadogo. Hattie alikuwa kitinda mimba. Familia ilikuwa maskini sana. Walihamia jimbo la Colorado kutafuta maisha, wakakaa katika mji wa Denver. Huko Hattie alisoma shule, na huko alianza kujulikana kwa sauti yake.

Alipokuwa na miaka 15 hivi, aliingia katika mashindano ya kusema mashairi. Mashindano hayo yaliandaliwa na chama cha wanawake Wakristo waliopinga ulevi. Hattie alisema shairi juu ya mtu aliyeharibiwa na pombe. Alishinda, akapewa nishani ya dhahabu. Hiyo ndiyo tuzo yake ya kwanza. Baadaye aliacha shule, akafuatana na ndugu zake waliokuwa na kikundi cha michezo na nyimbo.

Kazi ya msalani

Kwa miaka mingi Hattie alisafiri mji hadi mji. Alitunga nyimbo zake mwenyewe, na nyingine zilitiwa katika sahani za santuri. Lakini mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Mabenki yalifungwa, na watu wengi walikosa kazi. Kikundi alichokuwa nacho kilivunjika akiwa safarini.

Alifika mji wa Milwaukee akiwa hana kitu. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kuhudumia wateja msalani katika klabu moja ya muziki. Jukwaa lilikuwa pale pale, lakini wenye klabu walisita kumpandisha mwanamke mweusi. Mwishowe walimruhusu aimbe. Wateja walimpenda, akakaa hapo kama mwimbaji.

Mwaka 1931 alikwenda Los Angeles, mji wa sinema, walikokuwa kaka yake na dada zake. Alisikika redioni katika kipindi cha vichekesho, akapendwa. Hata hivyo mshahara ulikuwa mdogo mno. Ikambidi aendelee kufua na kupika katika nyumba za watu.

Polepole alianza kupata nafasi katika sinema. Nafasi zenyewe zilikuwa karibu zote za aina moja: mtumishi wa nyumbani. Siku zile watengenezaji wa sinema hawakumpa mwanamke mweusi nafasi ya kuwa mwalimu, au daktari, au bibi wa nyumba yake. Hattie alizichukua nafasi hizo ndogo akazitia uhai. Mtumishi aliyemwigiza alikuwa na ulimi mkali, na mara nyingi alikuwa na akili kuliko bwana zake.

Usiku wa tarehe 29 Februari 1940

Mwaka 1939 ilitoka sinema iitwayo Gone with the Wind. Inaeleza habari za familia ya Wazungu wenye mashamba na watumwa wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini. Hattie aliigiza mtumwa mlezi wa nyumba hiyo. Sinema ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Atlanta, katika jimbo la Georgia. Sheria za Georgia zilitenga watu weusi na Wazungu, kwa hiyo Hattie na waigizaji wenzake weusi hawakuhudhuria.

Miezi michache baadaye zikatolewa tuzo za Oscar. Sherehe ilifanyika Los Angeles, katika Hoteli ya Ambassador. Hoteli hiyo haikupokea watu weusi. Mwenye sinema, David Selznick, alilazimika kuomba ruhusa maalumu ili Hattie aingie. Aliingia, amevaa gauni zuri na maua meupe kichwani. Wenzake waliketi pamoja kwenye meza yao. Yeye aliwekewa meza ndogo kando ya ukuta.

Jina lake likaitwa. Alikuwa ameshinda tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Alitembea kutoka kule ukutani hadi mbele, watu wakipiga makofi. Alisema maneno machache ya shukrani, akieleza kwamba anatumaini kuwa sifa njema kwa watu wa rangi yake. Alimaliza kwa machozi. Siku zile waigizaji wasaidizi hawakupewa sanamu ya Oscar, bali walipewa kibao kidogo. Ndicho alichopewa.

Lawama na kesi ya nyumba

Si watu weusi wote waliofurahi. Chama cha NAACP, kilichotetea haki zao, kilililaumu kundi la waigizaji wa namna yake. Kilisema kwamba sinema hizi zinaufanya utumwa uonekane kitu kizuri, na mtu mweusi aonekane amezaliwa ili atumikie. Hattie alijibu kuwa ni afadhali kuigiza mtumishi na kulipwa vizuri kuliko kuwa mtumishi kweli kwa mshahara wa taabu. Yeye alizifanya kazi zote mbili, hivyo alijua alichokisema. Lakini na wale waliolaumu walikuwa na haki yao, maana sinema ile ilificha mengi juu ya mateso ya watumwa.

Jambo moja halina ubishi. Hattie alinunua nyumba kubwa katika mtaa wa West Adams Heights, mjini Los Angeles. Hati za nyumba za mtaa huo zilikataza kuuzia watu weusi. Baadhi ya majirani Wazungu walikwenda mahakamani ili watu weusi waondolewe. Hattie hakuhama. Aliwakusanya wenzake nyumbani kwake, wakapanga namna ya kujitetea. Mwaka 1945 hakimu aliitupa kesi ile, wakabaki katika nyumba zao. Miaka mitatu baadaye Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa mahakama zisisaidie kutekeleza masharti ya namna hiyo popote nchini.

Baada ya kufa

Mwaka 1947 Hattie alipata kipindi chake mwenyewe cha redio, kiitwacho Beulah. Kisha akaugua kansa ya matiti, akafa tarehe 26 Oktoba 1952. Alitaka azikwe katika makaburi ya Hollywood, walikozikwa waigizaji wengi. Mwenye makaburi alikataa, kwa sababu yalikuwa ya Wazungu tu. Akazikwa katika makaburi mengine. Mwaka 1999 mwenye makaburi mpya alijenga mnara wa kumbukumbu yake pale pale alipokataliwa.

Mwanamke mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Ilikuwa imepita miaka 51. Mwaka 2006 sura ya Hattie iliwekwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Na kile kibao? Katika wasia wake Hattie alikitoa kwa Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi mjini Washington. Kilikaa huko kwa muda, kisha kikapotea, na waliokitafuta hawakukipata. Mwezi Oktoba 2023 watoaji wa Oscar walitengeneza kibao kingine, wakakipeleka chuoni Howard.