Millet: Mchoraji aliyewatukuza wavuja jasho wa mashambani

KATIKA makavazi ya Musée d'Orsay jijini Paris, Ufaransa, mna picha ya wanawake watatu shambani. Wawili wameinama wakiokota masuke ya ngano yaliyosazwa na wavunaji, naye wa tatu amejiinua kidogo. Mbali nyuma yao kuna marundo ya mavuno, mkokoteni uliojaa pomoni na msimamizi aliyepanda farasi.

Picha hiyo, Des glaneuses, yaani Waokota Masazo, ilichorwa na mtu aliyezijua fika taabu za shamba: Jean-François Millet.

Millet alizaliwa Oktoba 4, 1814, katika kijiji cha Gruchy, eneo la Normandy. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alilima na kuvuna pamoja nao kabla ya kupelekwa mjini Cherbourg kujifunza uchoraji. Babake alipofariki mnamo 1835, alirejea nyumbani kushika jembe, lakini jamaa zake wakamhimiza aendelee na masomo.

Mnamo 1837 alipata ufadhili wa kusomea Paris. Ufadhili huo haukudumu. Mkewe wa kwanza, Pauline Ono, alifariki kwa kifua kikuu mnamo 1844, chini ya miaka mitatu baada ya ndoa yao. Baadaye aliishi na Catherine Lemaire, wakajaliwa watoto tisa.

Mnamo 1849 familia hiyo ilihamia Barbizon, kijiji kilicho kando ya msitu wa Fontainebleau. Huko Millet alitunza bustani yake na kuchora yale aliyoyaona: wapanzi, wachungaji na wachanja kuni.

Kuokota masazo kulikuwa haki ya maskini baada ya mavuno, kama alivyofanya Ruthu katika Biblia. Hata hivyo, picha hiyo ilipoonyeshwa mnamo 1857, iliwaudhi mabwanyenye. Walizoea kuona wafalme na mashujaa wakitukuzwa, na kumbukumbu ya mapinduzi ya 1848 ingali mbichi, wakahofu kwamba ilikuwa ikiwachochea walalahoi. Millet aliitisha faranga 4,000, akaambulia 3,000.

Sifa zilikuja akiwa amechakaa. Mnamo 1868 alitunukiwa nishani ya Légion d'honneur. Aliaga dunia Januari 20, 1875, akiwa na umri wa miaka 60.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Millet alichumia juani, lakini waliolia kivulini ni wengine. Mnamo 1889 picha yake L'Angélus, ya wakulima wawili wakisali shambani jioni, ilinadiwa kwa zaidi ya faranga 550,000. Sheria za wakati huo hazikuipa familia yake haki yoyote katika fedha hizo.

Kisa hicho kilitajwa mara nyingi na waliopigania sheria ambayo Ufaransa ilipitisha mnamo 1920, ya kumpa msanii au warithi wake fungu kazi yake inapouzwa tena mnadani. Kenya iliingiza haki kama hiyo katika sheria yake ya hakimiliki mnamo 2019.