Mtakatifu Cyprian, Askofu Aliyewaombea Makaisari

Katika pwani ya Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo sasa Tunisia, palikuwa na mji mkubwa jina lake Carthage. Humo, zamani za utawala wa Rumi, alikaa Cyprian, mtu tajiri na mwalimu wa elimu ya usemaji. Alikuwa mtu mzima alipoiamini Injili. Akabatizwa yapata mwaka 246, akawagawia maskini sehemu kubwa ya mali yake. Wala haikupita miaka mingi, akachaguliwa kuwa Askofu wa mji ule.

Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote waitolee dhabihu miungu ya Rumi. Cyprian alijificha, akaliongoza kundi lake kwa nyaraka. Wako waliomlaumu sana kwa kujificha huko. Alirudi mwaka 251, na baada yake tauni kali ikaushika mji. Hapo akawahimiza Wakristo wawasaidie wenye shida wote, hata wapagani waliokuwa wakiwatesa.

Wapagani wengi walinena ya kuwa tauni, njaa na vita vimeletwa na Wakristo, kwa sababu wameiacha miungu. Mmoja wao alikuwa Demetrianus. Cyprian akamwandikia kumwonyesha ya kuwa Wakristo humwomba Mungu usiku na mchana azuie adui, alete mvua, awape amani hata hao wanaowachukia.

Kisha Kaisari Valerian naye akaanza kulitesa Kanisa. Tarehe 30 Agosti 257 Cyprian aliitwa mbele ya liwali Paternus. Akaungama ya kuwa yeye ni Mkristo na Askofu, wala hajui mungu ila Mungu mmoja wa kweli. Na ya kuwa Wakristo humwomba Mungu huyo mchana na usiku kwa ajili yao wenyewe, na kwa ajili ya watu wote, na kwa usalama wa makaisari. Liwali akamtaka ataje majina ya makasisi wake, akakataa. Basi akahamishwa mpaka Curubis, mji mdogo wa pwani.

Hapo ndipo ionekanapo imani yake. Mtume Paulo alikuwa amemwagiza Timotheo ya kwamba wafalme na wenye mamlaka waombewe, nao wafalme wa siku zile hawakumjua Kristo. Cyprian alilishika agizo hilo. Lakini kumwombea Kaisari ni neno moja, na kuitolea dhabihu miungu ya Kaisari ni neno jingine. La kwanza alilifanya bila kulazimishwa. La pili hakulifanya hata kwa kuiokoa rohi yake.

Mwaka uliofuata ilitoka amri kali zaidi, ya kwamba viongozi wa Kanisa wauawe. Tarehe 14 Septemba 258 liwali mpya, Galerius Maximus, alimwamuru Cyprian atoe dhabihu. Akakataa. Alipohukumiwa kufa kwa upanga, alimshukuru Mungu, akaagiza yule mwenye upanga apewe vipande 25 vya dhahabu.

Basi, ninyi walimu, mwafundishapo watoto sala za Kanisa, waelezeni sababu ya kutajwa humo walio na mamlaka. Hatuwataji kwa kujipendekeza, wala kwa kuwa kila watendalo ni jema. Twawataja kwa sababu wao nao ni watu wa Mungu, na mzigo wao ni mzito, na amani yao ni amani ya wengi.