Krapf: Mhubiri aliyebisha hodi Vuga, mlango ukafunguliwa kwa wengine

UKIWAULIZA Wakristo wa Tanga dini yao ilianzia wapi mkoani humo, wengi watakutajia Magila, wilayani Muheza, ambako wamisionari wa Kianglikana waliweka kambi mwaka 1868. Wenye asili ya Lushoto watakutajia Mlalo, walikofika Wajerumani wa Kilutheri mwaka 1891. Wachache mno watamtaja Johann Ludwig Krapf, ambaye alikuwa amekwishapanda milima ya Usambara miaka 20 kabla ya Magila na kuketi mbele ya Mfalme Kimweri ye Nyumbai.

Kusahauliwa huko si jambo la ajabu. Krapf hakujenga kanisa lolote Usambara, wala hakuacha huko hata mwumini mmoja. Lakini maisha yake yamebeba swali ambalo Wakristo wameligombania tangu enzi za Agostino na Pelagio katika karne ya tano: je, mtu huokoka kwa sababu ameamua mwenyewe kumfuata Mungu, au kwa sababu Mungu alikwishamwita kabla hajajua kuamua? Waislamu wa mwambao wanalifahamu swali hilo kwa majina mengine. Kadari na hiari zilijadiliwa katika darasa za Mombasa, Pangani na Zanzibar kabla ya mmisionari yeyote wa Kiprotestanti kukanyaga pwani.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala kitandani takriban miezi sita. Katika kipindi hicho alishinda akisoma Biblia, na baadaye maishani aliyahesabu maumivu yale kuwa ndiyo mwanzo wa Mungu kumshika mkono. Ilikuwa tabia yake ya maisha: kila pigo alilisoma kama barua.

Eneo alikozaliwa lilikuwa ngome ya Wapietisti, Walutheri waliosisitiza kwamba haitoshi kubatizwa utotoni na kukariri imani, bali moyo wenyewe sharti ugeuke. Hapo ndipo penye utata. Martin Luther, katika ubishi wake na Erasmus mwaka 1525, alikuwa ameshikilia kwamba utashi wa binadamu umefungwa na dhambi, na kwamba wokovu ni kazi ya neema peke yake. Wapietisti hawakulikana fundisho hilo, lakini walihubiri kana kwamba kila msikilizaji angeweza kuamka papo hapo na kuchagua. Krapf alirithi yote mawili, na hakufanikiwa kamwe kuyapatanisha kwa hoja.

Hata wito wake mwenyewe ulimsumbua. Alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, mwaka 1827, akakiacha miaka miwili baadaye baada ya kuzama katika maandiko ya wenye kutafuta muungano wa siri na Mungu na kuanza kushuku iwapo kweli alikuwa ameitwa. Akasoma theolojia Tübingen, akawa msaidizi wa mchungaji vijijini, lakini mahubiri yake kuhusu siku za mwisho yakamkosanisha na wakuu wa kanisa. Ndipo akarejea kwenye umisionari, safari hii akitumwa na Church Missionary Society (CMS) ya London.

Mwaka 1837 alifika Ethiopia. Alifukuzwa Adwa mwaka 1838, akaenda Shoa, na alipotoka huko mwaka 1842 njia ya kurudi ikafungwa. Muda wote huo aliamini kwamba Waoromo ndio taifa lililoandaliwa kuipokea Injili na kuieneza barani, kama Wajerumani walivyokuwa Ulaya. Kwa kuwa kaskazini hakupitiki, alikusudia kuwafikia kwa kuzunguka kusini, kupitia pwani ya Waswahili.

Hivyo ndivyo alivyofika Zanzibar mwanzoni mwa 1844. Sayyid Said bin Sultan alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake kama mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu. Mwezi Mei akahamia Mombasa. Mwezi Julai mkewe, Rosine, alijifungua mtoto wa kike na kufariki siku chache baadaye kwa homa. Mtoto naye akamfuata. Krapf, mwenyewe akiwa hoi kwa homa hiyo hiyo, aliwazika upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Mtu mwingine angeuona msiba huo kuwa ishara ya kurudi kwao. Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba sasa lipo kaburi la mmisionari katika Afrika Mashariki, na kwa hiyo saa imefika ya kuanza kazi, kwa kuwa ushindi wa kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake. Barua hiyo imesifiwa sana makanisani. Ni vigumu, hata hivyo, kuisoma bila kujiuliza Rosine angesema nini. Wito uliomleta pwani ulikuwa wa mumewe, na yeye ndiye aliyeulipia kwa uhai.

Kazi ya lugha ilikuwa imekwishaanza. Akisaidiwa na kadhi mmoja wa Mombasa, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka huo huo wa 1844. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1850. Ni yeye pia aliyepeleka Ujerumani miswada ya tenzi za kale za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, akaiokoa isipotee. Wengi wa waliomfundisha walikuwa Waislamu, na si rahisi kudhani kwamba katika meza ile ya tafsiri maneno kama neema, hiari na kudra yalipita bila mjadala.

Mwenzake, Johannes Rebmann, aliwasili mwaka 1846, na mwezi Agosti wakafungua kituo Rabai. Miaka ikapita bila mtu kubatizwa. Wa kwanza kuja hakuwa mzee wa kaya wala kijana mwenye nguvu, bali Mringe, mlemavu maskini asiyehesabiwa na yeyote. Alisikiliza, akauliza, akarudi tena, na hatimaye akabatizwa akiwa mgonjwa wa kufa. Kwa Krapf, hilo lilikuwa jibu la swali la hiari na wito kuliko vitabu vyote vya Tübingen: aliyeitwa alikuja mwenyewe, na hakuwa yule ambaye wahubiri wangemchagua.

Julai 1848 Krapf aliondoka Rabai kwa miguu kuelekea Usambara. Himaya ya Kimweri ilikuwa miongoni mwa dola zenye nidhamu kubwa katika ukanda huu. Amri yake ilisikika kutoka Vuga milimani hadi karibu na bahari, ambako alishirikiana kwa hadhari na Sultani wa Zanzibar katika mambo ya Tanga na Pangani. Krapf alivutiwa na amani aliyoikuta njiani. Mfalme alimpokea kwa heshima na kumwahidi kwamba walimu wakija watapata mahali pa kukaa. Mgeni akateremka Pangani moyo ukiwa umejaa.

Alirudi Februari 1852, safari hii kwa chombo hadi Pangani na kupitia mlima Tongwe. Kimweri alirudia ahadi, na Tongwe ikatajwa kuwa mahali pa kituo. Lakini Krapf hakuwa peke yake aliyekuwa akipanga. Katika baraza la Vuga walikuwamo Waswahili kutoka pwani waliokuwa na ushawishi wao, na Zanzibar nayo ilitazama kwa jicho la wasiwasi ujio wa Wazungu bara. Kimweri mwenyewe alikuwa mwanasiasa. Alipima faida ya mgeni huyu dhidi ya hasara ya kuwaudhi majirani zake, na haieleweki kwa nini waandishi wengi wa kimisionari wamemweleza kama mtu aliyekuwa akingoja tu kuambiwa la kufanya.

Mwaka 1853 mmisionari mwingine, Jakob Erhardt, alikaa Vuga takriban miezi mitatu kisha akalazimika kuondoka. Mwaka uliofuata alikaa Tanga, akikusanya habari za bara kutoka kwa watu wa misafara; habari hizo zikazaa ramani maarufu iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Richard Burton na John Speke walipopita Tongwe mwaka 1857, walikuta askari wa Kibaluchi wa Sultani wakilinda mahali ambapo Krapf alitarajia kanisa.

Krapf hakuwepo kuyaona hayo. Mwaka 1851 alinusurika kifo Ukambani, baada ya mwenyeji wake, Kivoi, kuuawa karibu na Mto Tana, na afya yake haikurudi tena vizuri. Pia alikuwa ametofautiana na Rebmann. Krapf alitaka mlolongo wa vituo kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi; Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja na kungoja. Mmoja aliamini kwamba wito hudai mtu aharakishe, mwenzake kwamba Mungu hatangulizwi. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875, akarudi kwao akiwa kipofu.

Mwaka 1862 Krapf alionekana tena pwani, safari hii akiwaongoza Wamethodisti wa Uingereza kufungua kituo Ribe, karibu na Rabai. Jambo hilo halikuwa dogo kwa wakati wake. John Wesley, mwasisi wa Umethodisti, alikuwa ametengana na rafiki yake George Whitefield karne moja kabla kwa sababu hiyo hiyo: Wesley alifundisha kwamba neema imetolewa kwa wote na kila mtu aweza kuikubali au kuikataa, Whitefield akishikilia kwamba Mungu amewachagua walio wake tangu awali. Katika CMS yenyewe walikuwamo watu wengi walioelekea upande wa Whitefield. Krapf, Mlutheri aliyefundishwa kwamba utashi umefungwa, aliwafanyia kazi hawa kisha akawashika mkono wale, bila kuonekana kujali ukuta uliokuwa katikati.

Mwaka huo huo wa 1862 Kimweri alifariki, na himaya yake ikaanza kupasuka kwa vita vya warithi. Mwaka 1867 Charles Alington wa UMCA alipanda Vuga kuomba ruhusa, akaipata, na Magila ikazaliwa mwaka uliofuata. Watu waliojenga huko walikuwa Waanglikana wa kanisa la juu, wenye ubani na sakramenti, ambao Mpietisti wa Derendingen angeona shida kusali nao.

Miaka yake ya mwisho Krapf aliishi Korntal, kijiji cha Wapietisti karibu na Stuttgart, akihangaika na kamusi yake ya Kiswahili. Usiku wa Novemba 26, 1881 alifariki chumbani mwake. Walimkuta asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata, na wakati huo Magila ilikuwa na waumini Wabondei waliokuwa wakisali kwa Kiswahili.