Chevreul: Mkemia aliyeonyesha mali iliyomo kwenye uchafu wa mafuta

KIWANDA kinaposafisha mafuta ghafi ya pamba au alizeti kwa kostiki soda, hubaki uji mzito wenye sabuni. Wapo wanaoumwaga, kumbe ndani yake kuna mali. Aliyefungua siri hiyo ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul.

Alizaliwa Angers, Agosti 31, 1786. Mwaka 1803, akiwa kijana, alikwenda Paris kusomea kemia kwa Louis Nicolas Vauquelin.

Mwaka 1811 alianza kuchunguza sabuni laini ya mafuta ya nguruwe na potashi. Watu walikuwa wamepika sabuni kwa karne nyingi bila kujua kinachotokea sufuriani. Chevreul aliitia asidi, sabuni ikavunjika na asidi za mafuta zikajitenga. Akabaini kuwa mafuta huundwa na asidi hizo pamoja na kitu alichokiita glisarini. Matokeo aliyachapisha kitabuni mwaka 1823.

Mwaka 1825 yeye na Joseph Louis Gay-Lussac walipata hataza ya kutengeneza mishumaa kwa asidi hizo, iliyo safi kuliko ya shahamu. Hata hivyo, biashara haikuwalipa. Miaka ya 1830 wengine, akiwemo Adolphe de Milly, walitumia chokaa ya bei nafuu, na faida ikawa yao.

Uji wa kiwandani hufuata kanuni ileile. Kostiki soda hugeuza asidi zilizo huru kuwa sabuni, ambayo huondoka na sehemu ya mafuta mazuri. Uji ukichemshwa na asidi ya salfuriki, sabuni huvunjika, mafuta huelea na maji yenye chumvi hubaki chini. Mafuta hayo hutengeneza sabuni au dizeli ya mimea, hayafai kupikia.

Kazi hiyo si ya jikoni. Asidi huunguza vibaya, na maji yanayobaki lazima yaondolewe ukali kabla ya kumwagwa. Gharama nazo zipigiwe hesabu mapema: asidi, moto na usafiri vinaweza kumeza faida, kama ilivyomkuta Chevreul mwenyewe.

Alifariki Paris, Aprili 9, 1889, akiwa na miaka 102. Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel, uliokamilika mwaka huohuo.